Je, Ni Vema Kujua Kwamba Maradhi Yatarudi?

Mtu aliyepona maradhi makubwa huwa na swali moja analolificha moyoni. Huwashukuru waliomwuguza, huvaa tena nguo zake za kazi, husalimiana na majirani barazani. Lakini usiku, taa ikizimwa, hujiuliza: Je, yatarudi? Zamani hakukuwa na mtu wa kulijibu swali hilo. Siku hizi wataalamu wa tiba wanajaribu kulijibu, na hasa kwa habari ya ugonjwa mmoja mkali, yaani saratani ya mapafu. Wanatafuta katika uvimbe uliokatwa, na hata katika damu ya mgonjwa, dalili za kuonyesha mapema kama maradhi yaliyoondolewa yameacha mbegu. Leo twataka kulitazama jambo hilo, si kwa macho ya daktari, maana sisi si madaktari, bali kwa macho ya mtu mwenye dhamiri. Ikiwa yawezekana kujua, je, ni vema kujua? Na yule aliyejua, amwambie nani?

Kwanza tuieleze habari yenyewe kwa maneno mepesi. Kila aliyelima bustani ya mchicha katika bonde la Msimbazi, chini ya Vingunguti, aijua ndago. Ni jani jembamba lisilo na fahari. Ukilikata leo kwa jembe, bustani huonekana safi. Baada ya siku chache limechipua pale pale. Sababu ni kwamba uhai wa ndago haumo katika jani, bali katika viazi vidogo vilivyofichika chini ya udongo. Jembe huchukua jani, na viazi hubaki. Mkulima asiyelijua hilo hudhani kwamba amemaliza kazi. Mkulima anayelijua huangalia chini.

Wataalamu wengi wanadhani kwamba saratani nayo ina viazi vyake. Mwaka 1994 wachunguzi wa Toronto, nchini Kanada, walionyesha kwamba katika aina moja ya saratani ya damu si kila seli yenye uwezo wa kuuanzisha ugonjwa upya. Ni chache tu. Mwaka 2003 wenzao wa Michigan, Marekani, wakaona jambo la namna hiyo katika saratani ya matiti, na mwaka 2008 wachunguzi wa Italia wakatoa habari kama hiyo kwa saratani ya mapafu. Seli hizo chache zikaitwa seli shina za saratani. Yasemwa kwamba nyingi kati yake hulala, wala hazigawanyiki kwa haraka. Na kwa kuwa dawa kali za saratani huzipiga zaidi seli zinazogawanyika kwa haraka, hizi zilizolala huweza kusalimika, kama mwizi aliyejibanza nyuma ya mlango wakati wa msako. Zikiamka, uvimbe huota tena, pengine pale pale, pengine mbali, katika ubongo, mfupa au ini.

Basi wataalamu wakafikiri hivi: tukiweza kuzitambua seli hizo katika uvimbe uliokatwa, tutaweza kujua ni mgonjwa gani yu katika hatari ya kurudiwa. Wamezitafutia alama. Alama moja ni kitu kilicho juu ya utando wa seli, nacho huitwa CD133. Nyingine ni kimeng'enya kilicho ndani yake, kiitwacho ALDH1. Walakini yatupasa kusema kweli yote. Majibu ya uchunguzi huo hayajapatana. Wengine wameona kwamba wagonjwa wenye alama hizo kwa wingi hurudiwa upesi zaidi. Wengine wametazama wasione tofauti. Tena wako wasemao kwamba seli ya saratani hubadilika tabia, leo shina, kesho jani, hata isiwe rahisi kuihesabu. Kwa hiyo kipimo hicho bado ni cha wachunguzi, hakijawa kipimo cha kila siku cha hospitali.

Njia nyingine imesonga mbele zaidi. Seli za saratani zinapokufa huacha katika damu vipande vidogo mno vya vinasaba vyake. Mwaka 2017 wachunguzi wa Uingereza waliwafuatia wagonjwa wachache waliokatwa saratani ya mapafu, wakawapima damu mara kwa mara. Kwa wale waliorudiwa na ugonjwa, damu ilitoa habari kabla ya picha za hospitali kuona kitu: kwa kadiri ya siku 70 hivi mbele, na kwa mmoja wao karibu mwaka mzima. Tunamwomba msomaji aishike hesabu hiyo ya siku 70, maana tutairudia.

Wala jambo lenyewe si dogo. Katika mwaka 2022 watu karibu milioni 2 na nusu duniani waligunduliwa na saratani ya mapafu, na kama milioni 1.8 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi kadiri hiyo. Hata wale wenye bahati, ambao uvimbe wao ulipatikana mapema ukakatwa wote, kati ya 30 na 55 katika kila 100 hurudiwa, kwa kadiri ugonjwa ulivyokuwa umeenea. Hivyo mtu aliyetoka hospitalini na kovu ubavuni anatembea katika njia panda, wala hajui ni ipi itakayokuwa yake.

Sasa tutoke katika maabara za Ulaya, turudi Vingunguti. Tumfikirie mzee mmoja. Hatumpi jina, kwa kuwa wako wengi mfano wake. Alikuja mjini angali kijana, akabeba mizigo katika viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Alivuta sigara tangu ujana, tena alivuta na vumbi la viwandani bila kutaka. Amejenga nyumba ya matofali, vyumba viwili anakaa na mkewe, vinne amepangisha. Alipoanza kukohoa na kukonda, kila mtu alisema ni kifua kikuu, maana ndicho tulichokizoea. Akameza dawa za kifua kikuu miezi 6. Kikohozi hakikuisha. Hatimaye picha na kipande cha nyama vikasema kweli: saratani. Kwa rehema, ilikuwa bado yaweza kukatwa, ikakatwa. Sasa amerudi barazani kwake, pumzi fupi, lakini anacheka.

Tuseme basi kwamba siku moja daktari ana karatasi mkononi, nayo yaonyesha kwamba mbegu ingalimo. Picha haijaona kitu. Mzee hana maumivu. Binti yake, ambaye ndiye humpeleka kliniki, anamtangulia mlangoni na kusema, "Daktari, nakusihi, baba asiambiwe. Akisikia tu, atakufa kabla ya siku zake." Daktari ni kijana wa umri wa binti huyo. Ndani, mzee ameketi na kofia mapajani, naye anangoja kuitikia shikamoo yake. Je, daktari huyo afanye nini?

Hatutaki kumdharau binti huyu. Anachokisema kinasemwa katika nyumba nyingi, tena kinasemwa kwa mapenzi. Hoja zake ni tatu, nasi tutazitazama moja moja.

Hoja ya kwanza yasema: hofu huua. Kweli hofu hudhoofisha, wala hakuna anayekana kwamba mtu akipata habari mbaya hukosa usingizi na chakula. Lakini tuulize: je, mgonjwa asiyeambiwa hana hofu? Anaona nyuso za watoto wake zikigeuka anapoingia. Anasikia mazungumzo yakikatwa. Anaona mjomba wa mbali, aliyekuwa haji hata sikukuu, amekuja ghafula na mfuko wa machungwa. Mwili wake mwenyewe unamsimulia. Hofu anayo, ila anakuwa nayo peke yake, maana wote wamemfungia mlango wa kuisema. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Twaongeza kwamba anayemficha mgonjwa maradhi yake humwachia upweke juu ya ugonjwa.

Hoja ya pili yasema: kujua kuna faida gani, ikiwa dawa hakuna? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na kwa hiyo tutakaa nayo kidogo. Historia ya nchi yetu yatufundisha. Mwaka 1882 daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyekuja kufanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, alitangaza kwamba ameiona bakteria inayoleta kifua kikuu. Tangu siku hiyo iliwezekana kumpima mtu makohozi na kumwambia, "Unacho." Lakini dawa ya kukiua kifua kikuu mwilini haikupatikana mpaka miaka ya 1943 na 1944. Kwa miaka 60 na zaidi watu walijua wasiweze kuponya. Je, ujuzi ule ulikuwa bure? La hasha. Ulifundisha watu kufungua madirisha, kutotema mate ovyo, kumtengea mgonjwa chombo chake na kitanda chake. Uliokoa watoto wengi ambao wangeambukizwa na wazazi wao.

Mfano wa pili tumeuona kwa macho yetu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kipimo cha damu kilipatikana duniani mwaka 1985. Lakini dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali yetu mwaka 2004. Katika miaka hiyo karibu 20 watu wengi walisema maneno yale yale ya binti wa Vingunguti: nipime ya nini, nife kwa mawazo? Basi wako waliokataa kujua, wakawaambukiza wake zao na waume zao. Na wako waliokubali kujua, ingawa dawa haikuwapo. Hao waliandika wasia, wakalipa madeni, wakawatafutia watoto wao walezi, wakapatana na ndugu waliokosana nao, wakawalinda wenzao. Walikufa, ndiyo; lakini hawakufa kama mtu aliyeporwa njiani usiku. Na wale walioishi mpaka mwaka 2004, wengi wao walikuwa wale waliojua hali yao, hata dawa ilipofika wakawa wa kwanza mlangoni.

Hiyo haina maana kwamba kujua hakukuwa na gharama. Mgonjwa wa kifua kikuu alitengwa hata baada ya kupona. Mwenye virusi alifukuzwa nyumba na kazi. Ujuzi ukiingia mahali pasipo na huruma, hugeuka fimbo. Ndiyo maana twasema kwamba swali si la daktari na karatasi yake peke yake. Ni swali la mtaa mzima, kwamba mtaa utafanya nini na habari hiyo.

Tena, kwa saratani ya mapafu, si kweli kabisa kwamba hakuna la kufanya. Kwa wagonjwa wenye badiliko fulani katika vinasaba vya uvimbe wao, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vidonge viitwavyo osimertinib, vikimezwa baada ya upasuaji, hupunguza sana kurudi kwa ugonjwa. Mionzi yaweza kuutuliza uvimbe uliorudi mahali pamoja. Na hata panapokosekana tiba ya kuponya, ipo tiba ya kutuliza maumivu, ambayo ni haki ya mgonjwa wala si sadaka.

Hoja ya tatu yasema: sisi jamaa tunajua, yatosha. Hapa twaona kuna wema na kuna kosa. Wema ni huu: kwetu mgonjwa si mtu wa peke yake. Ana mke, ana kaka, ana watoto, na hao ndio watakaomwosha na kumlisha. Si vizuri kuwafungia nje, kama ifanyikavyo katika nchi nyingine ambako mtu hupewa habari ya kifo chake akiwa peke yake na karatasi. Lakini kosa ni hili: ugonjwa umo katika mwili wa mzee, si katika mwili wa binti. Maisha yaliyobaki ni yake. Nyumba ya vyumba sita ni yake, na wasia ni wake kuusema. Ukimficha habari hiyo, umemfanya mtoto mdogo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mtu aliyewaongoza watoto wake miaka 40 hastahili kuongozwa kwa uongo katika safari yake ya mwisho.

Basi je, daktari aingie na kumtupia mzee karatasi? Hapana, hilo nalo ni kosa, tena kosa la wale wenye elimu. Kweli isiyo na upole ni kama dawa isiyopimwa. Lazima kwanza daktari mwenyewe aelewe ni kweli ya namna gani aliyo nayo. Kipimo cha seli shina, hata kitakapokomaa, hakitasema, "Wewe utarudiwa tarehe fulani." Kitasema kwamba katika watu 100 wenye dalili kama zako, wengi kadiri fulani walirudiwa. Hiyo ni habari ya kundi, si ya mtu. Mzee wetu si watu 100. Ni mmoja, naye atakuwa upande huu au upande ule. Wako watu waliopewa dalili mbaya wakaishi kuwazika waliowahurumia, na wako waliopewa matumaini wakafa upesi. Kwa hiyo daktari akisema, "Hakika itarudi," amesema uongo sawa na yule asemaye, "Hakika umepona." Mganga apigaye ramli hudai kujua yote, mtaalamu mkweli hutambulikana kwa kutaja mpaka wa ujuzi wake.

Na baada ya kuelewa, aulize kabla ya kusema. Twadhani swali lenyewe liwe jepesi: "Mzee wangu, yapo majibu. Wapenda nikueleze yote, au wapenda nimweleze binti yako, nawe uniulize utakapotaka?" Mtu ana haki ya kujua, vilevile ana haki ya kusema, "Bado." Wako wazee ambao hawataki hesabu, wataka kuishi siku kwa siku, na kuamka kwao ni jawabu la kutosha. Hao tusiwalazimishe. Lakini tofauti ni kubwa baina ya mtu aliyekataa kujua na mtu aliyenyimwa kujua. Wa kwanza ametumia uhuru wake, wa pili ameporwa. Mlango uachwe wazi, na ufunguo awe nao yeye. Na tunadhani kwamba mzee wetu wa Vingunguti, akiulizwa hivyo, aghalabu angevaa kofia yake, akamwita binti aingie, akasema, "Mwanangu, keti. Daktari, tuambie wote wawili."

Hapo ndipo lizukapo jambo ambalo kwalo hasa tumeandika makala hii. Kujua ni deni. Anayempima mtu na kumwambia kwamba maradhi yake yatarudi, amejifunga kwake. Hawezi kumwambia na kumwacha mlangoni. Twataja wadeni watatu.

Mdeni wa kwanza ni mtaalamu na wale wanaomlipa. Vipimo hivi vipya vyahitaji damu na nyama za wagonjwa wengi ili vijaribiwe, nao wagonjwa maskini wa nchi zetu huombwa kutoa. Hatusemi wakatae, bila wagonjwa waliojitolea hakuna dawa hata moja ingepatikana. Lakini tusisahau yaliyotokea katika Ziwa Viktoria miaka ya 1906 na 1907, wakati Koch yule yule alipowatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese kwa dawa iitwayo atoxyl. Kipimo cha dawa kilizidi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Yeye alisifiwa sana Ulaya. Wao hata majina yao hayajulikani. Mtu akitoa nyama yake kwa ajili ya ujuzi, aelezwe kwa lugha yake ni kwa kazi gani, naye awe na sehemu katika faida itakayopatikana. Kuchukua damu Vingunguti ili dawa iuzwe kwa bei ambayo Vingunguti haitaimudu kamwe, huko si kushirikiana.

Mdeni wa pili ni serikali na sisi sote tulio raia. Tuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika majengo ya ile hospitali ya pwani ya tangu enzi za Wajerumani, tuna Muhimbili, na huduma za saratani zipo pia Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini madaktari wa kupasua kifua ni wachache kwa nchi kubwa kama hii, na mgonjwa mara nyingi hufika wakati kisu hakifai tena. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Sheria ni mlango; twangoja kuona ni nani atakayeingia, na kama mzee wa Vingunguti mwenye karatasi yake mkononi atakuwamo.

Kwa habari ya gharama, wengi huulizana: je, mzee auze nyumba apelekwe India? Watoto wengi wameuza viwanja, wakarudi na maiti na madeni. Mwaka 1957 Papa Pius XII, alipojibu maswali ya madaktari wa nusukaputi, alisema kwamba mtu huwajibika kuulinda uhai wake kwa njia za kawaida, zisizomtwika yeye wala wengine mzigo wa kupita kiasi. Mafundisho hayo yawafaa hata wale wasio wa dini yetu. Mzee akisema, "Nyumba hii ni ya mama yenu, sitaiuza," hajajiua. Na binti akikubali neno hilo, hajamtupa baba yake. Lakini ili mzee aweze kusema neno hilo kwa hiari, lazima kwanza awe amejua. Mtu asiyeambiwa hawezi kuchagua. Wenzake humchagulia, kisha hubishana juu ya kaburi lake nani aliyechagua vibaya.

Mdeni wa tatu ni jirani. Huyu hana maabara wala bima, lakini ana miguu. Mgonjwa anayejua kwamba ugonjwa unaweza kurudi ahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, mtu wa kuketi naye bila kumuuliza maswali, mpangaji atakayelipa kodi kwa wakati bila kungoja kudaiwa. Katika mitaa yetu Mkristo na Mwislamu wanatumia ukuta mmoja na kisima kimoja, wala kikohozi cha usiku hakiulizi dini. Mgonjwa akiijua kweli nasi tukiibeba pamoja naye, kweli hiyo haitamvunja.

Tena tusije tukazisifu alama za seli hata tukayasahau yaliyo karibu. Tangu mwaka 1950 wataalamu wa Uingereza Doll na Hill walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Kuligundua jambo hilo hakukuhitaji kipimo cha ajabu, bali kuwauliza wagonjwa na kuhesabu kwa makini. Nchi yetu ilipata sheria ya kusimamia bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na huku wakulima wa Tabora na Urambo wakiitegemea tumbaku hiyo hiyo kwa ada za shule. Ni fundo gumu, lakini kijana anayenunua sigara moja moja kibandani hana budi kuambiwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, kwa idara yake ya uchunguzi wa saratani, lilitangaza kwamba hewa chafu ya nje nayo huleta saratani. Wakaao kandokando ya viwanda na barabara ya malori walisikie hilo, na wenye viwanda pia. Na kikohozi kisichopona baada ya dawa za kifua kikuu kisiendelezwe kwa dawa zile zile kwa mazoea. Miezi 6 aliyoipoteza mzee wetu mwanzoni ni mingi kuliko siku 70 ambazo sayansi mpya ingempa mwishoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi turudi kwenye siku 70. Mtu atauliza: siku 70 ni nini? Ni muda mfupi kuliko msimu wa mahindi. Lakini tumpe mzee wetu siku hizo, akiwa angali na nguvu, kabla ya maumivu. Katika siku 70 aweza kwenda kijijini na kurudi. Aweza kumwita yule mdogo wake ambaye hawajasemezana tangu walipogombea shamba la baba yao. Aweza kuandika ni nani arithi vyumba vipi, ili mkewe asije akatolewa nje na watu wa ukoo. Aweza kuanza dawa, ikiwapo, wakati ugonjwa ungali mdogo. Aweza kukiri, kusali, kusamehe. Aweza pia kukaa tu barazani na kumtazama mjukuu wake akijifunza kuhesabu. Kati ya hayo yote, ni lipi ambalo tuna haki ya kumnyima kwa kisingizio cha kumpenda?

Twajibu basi swali tuliloanza nalo. Ni vema kujua, ikiwa kweli imesemwa kwa kadiri yake bila kuongezwa wala kupunguzwa. Ikiwa mgonjwa ameulizwa kwanza. Na ikiwa wale waliomwambia wako tayari kukaa naye. Mambo hayo matatu yakikosekana, kipimo hata kiwe bora namna gani kitakuwa mzigo mpya juu ya mgongo uliokwisha kuinama. Yakiwapo, hata pasipo dawa, mtu hufa akiwa mwenye nyumba yake, naye amewaaga watu wake.

Mkulima wa bonde la Msimbazi haikasirikii ndago, wala hajidanganyi kwamba imekwisha. Huichimba anapoweza, hupanda mchicha wake, na asubuhi hurudi kuangalia.